Anko, mume wangu kaweka mtungi wa "zenoni" chini ya kitanda na sasa anataka kuuza kiwanja

SWALI

Anko shikamoo. Naomba jina langu usiliweke maana huku Tabata tunajuana mpaka watoto. Mimi nauza chakula, mume wangu ni fundi umeme wa magari pale Gerezani, mtu mzuri tu, hanywi, nyumbani analeta, ila ana tatizo moja, akishaamini kitu ameamini, hata umletee malaika haumtoi.

Iko hivi. Kuna jamaa alipeleka gari kufungiwa taa za zenoni, zile nyeupe zinazoumiza macho, wakawa wanapiga stori, jamaa akamwambia fundi we unahangaika na vitaa kumbe gesi iliyo ndani ya hivyo vitaa ndo hela yenyewe, wazungu wanaitafuta kwa udi na uvumba, NASA wanaiweka kwenye vyombo vya anga, mahospitali makubwa Ulaya wanalazia wagonjwa usingizi, sasa kuna mzigo umetoka Rukwa kule kule kwenye machimbo ya heliamu, umetoka kimyakimya. Mume wangu akaja nyumbani macho yamemtoka, anasema mama hii gesi mi naifanyia kazi kila siku halafu sikujua.

Wakamwonyesha mtungi. Mweusi, umeandikwa XENON kwa rangi nyeupe, wanasema ni lita 10 na kila lita ni dola elfu arobaini, kwa hiyo dola laki nne, mnunuzi yupo Dubai anasubiri tu, kinachokwamisha ni milioni 15 za vibali na cheti. Mume wangu akishatoa hizo anapewa asilimia thelathini. Milioni 3 ameshatoa, akiba yake yote, ndo wakamwachia mtungi auweke kama dhamana. Hizo 12 zilizobaki anataka kuuza kiwanja chetu cha Chanika ambacho nusu ya hela yake ilitoka kwenye kikoba changu, asipouza anasema atakopa kausha damu.

Mi nilikataa wakaja kutufanyia majaribio hapa hapa sebuleni. Wakajaza puto, likaanguka chini puu kama jiwe, wakasema unaona, hewa ya kawaida haifanyi hivyo. Wakampa shemeji yangu avute kidogo, sauti ikawa nzito kama ya zimwi, watu wakacheka. Halafu wakatoa kibomba cha kioo wakakiunganisha na umeme kikawaka rangi ya bluu. Mwisho wakasema tusiufungue tena maana una mionzi. Nikauliza sasa mbona mmefungua kujaza puto? Nikaambiwa wanawake hamuelewi sayansi. Pia wanasema wapanda mlima kule Moshi wataigombania maana ukivuta unapanda Kilimanjaro bila kuchoka.

Sasa Anko, kuna gesi kama hiyo kweli au tumepigwa? Mtungi upo chini ya kitanda chumbani na wanangu wanalala godoro la chini chumba hicho hicho, una madhara? Kiwanja nakizuiaje? Na mama mkwe nimwambie? Yule ndo anamsikiliza. Jumamosi wanakuja kuchukua hela.

Mama wa watoto wawili, Tabata

JIBU

Marahaba binti. Nitaanza na watoto, hayo ya dola tutayakuta.

Usiku wa leo wasilale humo. Mi sijui ndani ya huo mtungi kuna nini na wewe hujui na mumeo pia hajui, na hapo ndipo hatari ilipo. Gesi yoyote nzito kuliko hewa ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kujaa kuanzia chini, na chini ndo kwenye godoro. Haihitaji kuwa sumu. Inasukuma tu hewa yenye oksijeni, na mtu aliyelala hashtuki, maana gesi kama hizi hazina harufu, hazikereketi koo, hazitoi moshi. Kwa hiyo fungueni madirisha, watoto wahamie chumba kingine, halafu pigeni 114 Zimamoto muwaeleze kuna mtungi wa gesi isiyojulikana ndani ya nyumba waje wauangalie. Kama mumeo atabisha mwambie anaweza kuuweka nje kivulini, umesimama, umefungwa na kamba usianguke, valvu isiguswe, asiubingirishe wala asiuache juani kwenye bati, mtungi ukipata joto presha inapanda. Na yule shemeji yako aambiwe asirudie ule mchezo wa kuvuta, nitaeleza kwa nini.

Sasa zenoni. Ipo. Ni kweli ni adimu, ni kweli ni ghali, ni kweli NASA wanaitumia na ni kweli hospitali zinaweza kumlaza mtu usingizi nayo. Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua zenu, na nakwambia hawa jamaa wamesoma, au wana mtu aliyesoma. Zamani mjini hapa mtu alikuwa anapigwa kwa rupia ya Mjerumani na zebaki nyekundu, vitu ambavyo ukiuliza mtu yeyote mwenye elimu kidogo anakucheka. Hawa wamechukua kitu cha kweli wakakivisha uongo, ndo maana mumeo ukimwambia ni uongo anakushinda, akienda kwenye simu anakuta kila walichosema kuhusu gesi yenyewe kipo. Ukibishana naye kwamba zenoni haipo utashindwa. Bishana naye kuhusu mtungi.

Anza na Rukwa. Heliamu ya Rukwa ni habari ya kweli, mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham wakishirikiana na kampuni ya utafutaji walitangaza kiasi kinachokadiriwa futi za ujazo bilioni 54, na inapatikana pale kwa sababu heliamu inazaliwa ardhini, kwenye miamba ya kale yenye urani na thori, yaani metali zenye mionzi, halafu joto la volkano la Bonde la Ufa ndo linaifungulia njia ya kutoka. Zenoni haiko hivyo kabisa. Hakuna mahali popote duniani wanapochimba zenoni. Inatoka kwenye hewa, hii hii tunayovuta, na iko kidogo mno, kwenye lita milioni kumi na moja na nusu za hewa unapata lita moja. Chumba chenu cha mita nne kwa nne chenye dari ya mita tatu kina zenoni isiyojaa vizuri kijiko cha chai. Hivi unavyosoma umeshavuta kidogo na haijakutajirisha.

Ili kuipata inabidi uipoze hewa mpaka igeuke kimiminika, karibu nyuzi 200 chini ya sifuri, halafu uanze kuitenganisha, naitrojeni inachemka na kutoka kwanza, oksijeni inafuata, na zenoni na gesi ndugu yake kriptoni zinabaki nyuma maana zinachemka kwenye joto la juu zaidi, zenoni yenyewe ni nyuzi 108 chini ya sifuri. Ndivyo William Ramsay na Morris Travers walivyoigundua London mwaka 1898, walikuwa wanachezea mabaki ya hewa waliyoigeuza kimiminika, wakapata kriptoni, wakapata neoni, na Julai hiyo hiyo wakapata na hii. Leo inafanywa na mitambo mikubwa ya kutenganisha hewa, mingi imejengwa pembeni ya viwanda vya chuma kwa sababu chuma kinakula oksijeni nyingi, zenoni inakuja kama ziada. Hakuna mtu anawasha mtambo wa namna hiyo kwa ajili ya zenoni peke yake. Ndo maana vita ya Ukraine ilivyoanza 2022 bei ilipaa, Ukraine ilikuwa moja ya nchi zinazosafisha sana gesi hizi na viwanda vya kutengeneza chipu za kompyuta vikaanza kuhangaika. Kwa hiyo mtu akikwambia zenoni imetoka kimyakimya Rukwa muulize mtambo wa kupoza hewa uko kijiji gani, na unatumia umeme wa nani.

Twende kwenye bei, hapa ndo mumeo asikilize vizuri kwa sababu yeye ni mtu wa hesabu. Wamesema lita 10 kwa dola elfu arobaini kila moja. Gesi haiuzwi hivyo. Lita 10 ni ukubwa wa chupa yenyewe, haikwambii ndani kuna gesi kiasi gani, inategemea imeshindiliwa kwa presha gani. Wafanyabiashara wanahesabu lita za gesi ikiwa imeachiwa kwenye presha ya kawaida, na lita moja ya hivyo ina uzito wa karibu gramu 6. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya lita moja ilikuwa kama yuro 10, kriptoni yuro 1, neoni senti 20. Imepanda tangu hapo, sawa, tena imepanda na kushuka. Lakini chukua lita 10 za gesi, zidisha kwa yuro 10, unapata yuro mia. Ipandishe mara kumi kwa hasira, yuro elfu moja. Na tuseme mtungi umeshindiliwa kweli kweli umebeba lita elfu moja za gesi, kwa bei ile ya zamani ni yuro elfu kumi. Dola laki nne imetoka wapi? Imetoka kwenye kinywa cha jamaa.

Halafu huo mtungi wa lita elfu moja ungekuwa umeongezeka uzito wa kilo tano na nusu hivi au sita kuliko ukiwa mtupu. Kwenye bega la mtungi wa halali, pale juu karibu na valvu, kunakuwa na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, namba ya mtungi, uzito wake mtupu, presha ya majaribio na tarehe ya kupimwa. Yaliyogongwa, siyo yaliyopakwa rangi. Neno XENON kwa rangi nyeupe hata fundi rangi wa Buguruni anaandika. Ukienda kwa wauzaji wa oksijeni na gesi za kuchomelea hapa mjini wakaona ile namba tu wanaweza kukwambia mtungi ni wa nini, na mi wasiwasi wangu ni mtungi wa zimamoto au wa kuchomelea uliopakwa upya.

Sasa majaribio ya sebuleni, hayo yamenifurahisha kidogo kusema ukweli.

Puto. Zenoni ni nzito kuliko hewa mara nne na nusu kwa hiyo puto lake litaanguka kweli tena kwa kishindo. Lakini puto ulilopuliza kwa mdomo wako linaanguka pia binti, jaribu na watoto. Ukijaza kaboni dayoksaidi ya mtungi wa kuzimia moto linaanguka haraka zaidi. Na kuna gesi nyingine inaitwa salfa heksafluoridi, inawekwa kwenye swichi kubwa za umeme wa volti nyingi, hiyo ni nzito kuliko hewa mara tano, yaani inaipita hata zenoni, na bei yake ni ya chini sana ukilinganisha.

Sauti ya zimwi ni kitu hicho hicho. Gesi nzito inapunguza kasi ya sauti kooni, sauti inakuwa nene. Salfa heksafluoridi inafanya hivyo vizuri tu. Kwa hiyo jaribio limethibitisha kwamba ndani kuna gesi nzito, basi, na hata hapo sina hakika kama shemeji hakuwa anaigiza kidogo maana vijana na kuchekesha watu. Lakini ingekuwa zenoni kweli ndo hatari zaidi. Zenoni ni dawa ya usingizi, imetumika kwenye upasuaji tangu 1951 huko Marekani, mgonjwa anapewa mchanganyiko wenye zenoni kama asilimia 60 hadi 70 na kinachobaki ni oksijeni, chini ya daktari, na mashine inayorudisha gesi izunguke isipotee kwa sababu ya gharama. Ni dawa nzuri, mgonjwa anaamka haraka na moyo hausumbuki sana, ila bei ndo imeifanya isienee. Ukimpa mtu moja kwa moja kutoka kwenye mtungi bila oksijeni anaweza kuanguka kabla hajamaliza kucheka.

Kile kibomba cha bluu. Zenoni ikipitishwa umeme inatoa mwanga wa bluu bluu, ni kweli. Agoni, gesi nyingine ya hewani, nayo inatoa zambarau inayoelekea bluu, ukiweka na zebaki kidogo inakuwa bluu safi, na mafundi wa mabango ya taa wanafanya hivyo miaka na miaka. Tena kibomba cha kioo kilichokwisha fungwa kina gesi yake ndani tayari, hakihusiani na mtungi hata kidogo! Uliona wakiunganisha mtungi na kibomba? Umeandika wamekiunganisha na umeme.

Swali lako la mionzi ndo lilikuwa swali bora kuliko yote humo ndani na walikujibu kwa matusi kwa sababu hawakuwa na jibu. Zenoni ya kawaida iliyotoka hewani haina mionzi ya kumdhuru mtu. Kuna aina moja ya atomu zake ambayo inaoza polepole kiasi kwamba wanasayansi walioweka tani zaidi ya tatu za zenoni chini ya mlima Gran Sasso kule Italia ndo wameweza kuipima, wakatangaza 2019 kwamba nusu yake kuoza inachukua muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu kwa kiwango kisichosemeka. Ipo zenoni yenye mionzi inayotengenezwa kwa ajili ya hospitali, zenoni 133, kwa kupiga picha mapafu, lakini hiyo nusu yake inaisha kila siku tano na kidogo. Baada ya mwezi imebaki kama asilimia 2. Kwa hiyo kama wana mionzi wanayosema, mzigo unawaozea wakiwa bado wanafukuzia milioni 12 zenu, na kitu cha mionzi nchi hii kinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, hakikai chini ya kitanda Tabata. "Usifungue ina mionzi" maana yake usipeleke maabara.

Mambo ya kupanda mlima yana kichwa na mkia wake. Mei 2025 Waingereza wanne walivuta zenoni Ujerumani chini ya uangalizi wa daktari halafu ndani ya chini ya wiki moja tangu watoke London wakawa kileleni Everest, dunia nzima ikaandika. Lakini walikuwa wamefanya mazoezi ya kulala kwenye mahema yenye hewa pungufu kwa wiki nyingi na mlimani walitumia oksijeni ya mitungi kama wengine, na shirikisho la kimataifa la wapanda milima lilikuwa limeshatoa tamko Januari kwamba hakuna ushahidi kuwa zenoni inasaidia kupanda na ikitumiwa vibaya ni hatari. Kwenye michezo imepigwa marufuku tangu 2014. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro wanapanda na mizigo kichwani bila kuvuta kitu, kwa hiyo soko la Moshi hapo silioni.

Kuhusu NASA, ndiyo, chombo chao cha Dawn kilichorushwa 2007 kilibeba kilo 425 za zenoni, injini inazipa atomu chaji ya umeme na kuzirusha nyuma kwa kasi kubwa, msukumo mdogo sana lakini wa miaka, kikafika asteroidi Vesta 2011 na sayari kibete Ceres 2015. Sasa sikiliza hii. Setilaiti za intaneti za Starlink zinatumia injini za ukoo huo huo, na wenyewe pamoja na utajiri wao wote waliikwepa zenoni kwa sababu ya bei, wakaanza na kriptoni, baadaye wakahamia agoni. Watu wenye hela wanaikimbia, na hata wanaoinunua wananunua kwa mkataba kutoka kwenye viwanda, yenye cheti cha usafi wa asilimia 99 nukta tisa tisa nyingi, kwa sababu uchafu kidogo tu unaharibu injini au chipu. Thamani ya zenoni iko kwenye huo usafi na karatasi ya maabara inayoaminika. Gesi ya kwenye mtungi usio na historia, hata ikiwa zenoni kweli, mnunuzi wa maana haigusi.

Na mumeo asijidanganye kwamba anaifanyia kazi kila siku. Kwenye ile taa ya gari kuna kikopo cha kioo kidogo kuliko punje ya njegere na zenoni iliyomo ukiiachia haijazi hata nusu kijiko cha chai. Balasti, kile kifaa cha kupandisha umeme wa taa, inapiga zaidi ya volti elfu ishirini ili cheche iruke, zenoni ndo inawaka papo hapo ili dereva asikae gizani, halafu zile chumvi za metali zikishapata moto ndo zinabeba mwanga mwingi. Ndo maana taa ya wati 35 inaipita halojeni ya wati 55 karibu mara mbili. Kinachofanya taa ile iwe ghali ni kioo, balasti na ufundi, tangu ilipowekwa kwenye BMW 7 mwaka 1991. Anko hapa ana lake la pembeni, mwambie pia aache kufunga zile balbu kwenye taa za halojeni za IST, zile nyumba za taa hazikuundwa kwa mwanga ule, zinatawanya, sisi tunaokuja mbele Mandela Road usiku hatuoni kitu.

Sasa utamwambiaje? Usimwite mjinga, na haya yote usimsomee kama mashtaka mbele ya ndugu zake. Mpe maswali mawili akawaulize mwenyewe Jumamosi. La kwanza, kama mzigo una dola laki nne na mnunuzi anasubiri, kwa nini milioni 12 zisikatwe kwenye mauzo? Akubali hata wamkate mara tatu yake. La pili, yuko tayari kupeleka sampuli kwa maabara anayoichagua yeye, siyo wao, na alipe yeye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna wakemia, na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo, tena anayefanya biashara ya kemikali za viwandani anatakiwa awe amesajiliwa hapo, basi waonyeshe usajili wao. Watakuja na sababu, utaona, mara mnunuzi anaondoka kesho, mara maabara za serikali zitataifisha mzigo, mara mtungi ukifunguliwa unapoteza nguvu. Mumeo ni fundi, mtu akimletea gari halafu akakataa boneti lisifunguliwe atajua tu. Akishaona hivyo kwa macho yake itaingia kuliko maneno yangu.

Kiwanja usisubiri Jumamosi. Nenda kesho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa huko Chanika, maana viwanja vingi mauziano yake yanapita kwake, mwambie kwa maandishi kwamba mmechangia wote na hujaridhia kuuza, baki na nakala yenye muhuri. Chukua daftari la kikoba linaloonyesha ulivyotoa ile hela. Halafu pita TAWLA, wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria, wakueleze namna ya kuweka zuio rasmi kama kiwanja kimepimwa. Kausha damu ndo mtihani kwa sababu hiyo anaweza kukopa bila wewe kujua, kwa hiyo vitu vyenye majina yenu wote, kadi ya pikipiki, risiti za friji, viweke kwa dada yako kwa muda.

Zile milioni 3 mkaripoti polisi, nendeni wote wawili kama atakubali, na meseji za miamala, namba za simu, picha ya mtungi na yale maandishi ya begani. Sitakuahidi zitarudi. Na akitokea mtu akasema nipe laki tano nikusaidie kuzirudisha, huyo ni wa kundi lile lile. Jumamosi wakija wakute majirani wamejaa sebuleni, mjumbe wa shina awepo, msikae nao peke yenu, na mtungi wasiondoke nao kabla polisi hawajaambiwa maana huo ndo ushahidi mlionao.

Mama mkwe usimwambie kwanza. Ulivyonieleza mumeo, akisikia umempeleka kwa mama yake atauza kiwanja kwa kukomoa tu. Mpe mpaka Ijumaa jioni, akiwa bado anazungumza habari ya kuuza, hapo mpigie mama, na ukimpigia usianze na zenoni, anza na wajukuu wake kulala chumba kimoja na mtungi.